Je, Wajua Kwa Nini Kukanusha Uongo Peke Yake Hakutoshi?

Mwaka 1994, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, Hollyn Johnson na Colleen Seifert, waliwasomesha watu mfululizo wa taarifa fupi kuhusu ghala lililoungua moto. Taarifa zilitolewa moja baada ya nyingine, kama zinavyotoka katika tukio ambalo bado linaendelea. Mwanzoni wasomaji walielezwa kwamba ndani ya stoo moja kulikuwa na rangi za mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye wakaelezwa waziwazi kwamba taarifa ile haikuwa sahihi, kwani stoo hiyo ilikuwa tupu. Walipoulizwa baadaye maswali kuhusu moto ule na namna ulivyowaka, wengi waliendelea kujibu kana kwamba rangi na gesi vilikuwemo, ingawa walikuwa wanayakumbuka masahihisho waliyopewa.

Jaribio hilo linaeleza jambo ambalo waandishi wa habari wengi wamekutana nalo bila kuijua sababu yake: kanusho linatolewa, linasomwa, linakubalika, na baada ya siku chache watu wanazungumza kana kwamba halikuwahi kutolewa. Tatizo si ukaidi wa wasomaji. Binadamu hulielewa tukio kwa kuunganisha sababu na matokeo, na ukiiondoa sababu bila kuweka nyingine mahali pake, tukio linabaki halina maelezo; anayeulizwa moto ulitoka wapi huona afadhali jibu lililokanushwa kuliko kukosa jibu kabisa. Ndiyo maana sehemu ya pili ya matokeo yao ina uzito zaidi kwa wanahabari. Wasomaji walioelezwa kwamba stoo ilikuwa tupu, na pia wakapewa chanzo kingine cha moto, yaani dalili kwamba uliwashwa kwa makusudi, walipunguza kwa kiasi kikubwa kuzitegemea zile rangi na gesi.

Kwa mwandishi wa habari, maana yake ni kwamba sentensi “taarifa hizi si za kweli” ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Tuchukue picha ya mafuriko ya zamani inayosambazwa kana kwamba imepigwa asubuhi ya leo. Kusema kwamba si ya leo kunamwacha msomaji na maswali mapya: ni ya lini, ilipigwa wapi, na ilifikaje katika mazungumzo ya leo? Mwandishi makini huisaka kwa mitambo ya utafutaji inayolinganisha picha kwa picha, huendelea mpaka apate toleo lake la kwanza kabisa, hukagua mabango, namba za magari na maumbo ya majengo yaliyomo, na ikiwezekana humtafuta aliyeipiga. Kisha huyaandika hayo ndani ya habari yenyewe, hatua kwa hatua, ili msomaji mwenye shaka aweze kuzirudia hatua hizo mwenyewe. Kwa maoni yangu, hatua hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: vyombo vingi vya habari hutoa hukumu na kuuficha ushahidi, halafu hushangaa kuona hukumu yao haiaminiki.

Namna ya kuandika nayo ina hatari zake. Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walichapisha utafiti ambapo watu walipima ukweli wa sentensi mbalimbali katika vikao vitatu, kila kimoja kikitanguliwa na kingine kwa wiki mbili. Sentensi zilizojirudia zilizidi kuonekana za kweli, ziwe za kweli au za uongo. Jambo lililozoeleka masikioni hudhaniwa kuwa kweli. Kwa hiyo kichwa cha habari kinachoubeba uzushi wote kwa herufi kubwa na kuweka neno dogo “si kweli” mwishoni kinaweza kuwa kinautangaza uzushi huo kwa wale ambao hawatasoma zaidi ya hapo, na wasomaji wa namna hiyo ni wengi. Mwanaisimu George Lakoff alipendekeza mpangilio unaofananishwa na sandwichi: ukweli utangulie, uongo utajwe kwa ufupi katikati, kisha ukweli urudiwe. Mfano huo una utani ndani yake, lakini mpangilio wenyewe ni mzuri, kwa sababu unamlazimu mwandishi awe na ukweli wa kuanzia nao.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa pia na hofu kubwa zaidi. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watu, walipopewa masahihisho yaliyopingana na msimamo wao wa kisiasa, walizidi kuishikilia imani yao ya awali. Wapo waliohitimisha kwamba kusahihisha ni kuchochea. Hofu hiyo imepungua: Thomas Wood na Ethan Porter walipowapima watu zaidi ya 10,000 kwa mada 52, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, hawakupata kanusho hata moja lililowarudisha watu nyuma kwa namna hiyo. Hakuna sababu, basi, ya mhariri kulikalia kanusho lililoandikwa vizuri kwa kuogopa kwamba litawaudhi wasomaji.

Tatizo linalobaki ni mwendo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakutueleza kwamba anaikimbia. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walifuatilia takriban habari 126,000 zilizosambazwa katika mtandao wa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018 walibaini kwamba ukweli ulichukua muda wa takriban mara sita ya ule wa uongo kuwafikia watu 1,500. Waliousukuma zaidi uongo huo walikuwa binadamu, wala si programu zinazojiendesha, kwa kuwa uongo ulikuwa na upya na mshangao ambao ukweli mara nyingi hauna. Mwandishi anayesubiri uzushi uenee ndipo ajibu ameshachelewa, lakini anayeukimbilia uzushi uliokuwa bado katika kikundi cha watu wachache anaweza kuupa hadhira usiyokuwa nayo. Njia iliyo salama zaidi ni kutangulia: kabla ya kura kupigwa, kwa mfano, kueleza kwa makini jinsi zinavyohesabiwa, nani mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo, na ni hila zipi huwa zinatumika kughushi matokeo hayo. Wanasaikolojia huiita mbinu hii chanjo, wakifuata wazo lililoasisiwa na William McGuire katika miaka ya 1960.

Yote hayo yanamhitaji msomaji aliye tayari kumsikiliza mwandishi. Katika ripoti ya mwaka 2024 ya Taasisi ya Reuters, inayochunguza uandishi wa habari, iliyowahoji takriban watu 95,000 katika nchi na maeneo 47, ni asilimia 40 tu waliosema kwamba wanaziamini habari nyingi kwa kawaida. Chombo cha habari kinachosahihisha makosa ya wengine huku kikibadilisha makosa yake kimyakimya mtandaoni kinawapa hao asilimia 60 sababu nzuri ya kuendelea na msimamo wao.

Gazeti la The New York Times liliwahi kufuata njia ngumu. Mwaka 2003 lilipogundua kwamba mwandishi wake Jayson Blair alikuwa akitunga habari na kunakili za wengine, lilichapisha kuanzia ukurasa wa mbele maelezo ya zaidi ya maneno 7,000 kuhusu udanganyifu huo na jinsi wahariri wake walivyoshindwa kuuzuia. Halikuishia kusema habari zile hazikuwa sahihi; lilieleza kosa lilivyotokea, yaani lilijaza pengo lilelile ambalo Johnson na Seifert waliliona katika hadithi ya ghala. Mwaka huohuo lilianzisha nafasi ya mhariri wa umma, mtu wa kupokea malalamiko ya wasomaji na kuwahoji wahariri kwa niaba yao, na wa kwanza kuishika alikuwa Daniel Okrent. Nafasi hiyo ilifutwa mwaka 2017 kwa hoja kwamba wasomaji wenyewe, kupitia mitandao ya kijamii, sasa wanalisimamia gazeti. Sijaweza kuikubali hoja hiyo: msomaji aliye mtandaoni anaweza kupaza sauti usiku kucha, lakini hana namna ya kuingia katika chumba cha habari na kumuuliza mhariri ni nani aliyeipitisha habari ile.