Je, Wajua Kwa Nini Kitenge Humkataa Mdoli?

Tuseme una mdoli wa kukusanya, wa kuwekwa kabatini, na umeamua kumshonea vazi la malkia wa majini: gauni refu lenye mkia, joho la mabegani na deraya ya kifuani. Unanunua kitenge kizuri, unakata vizuri, mishono imenyooka kama ilivyopigwa rula. Unamvisha. Gauni linakataa kuteremka. Marinda yanatawanyika pembeni, joho linasimama nyuma kama bati, na malkia anaonekana amefungwa kwenye katoni. Kitenge hichohicho ukimpelekea fundi akushonee wewe, kinalala mwilini bila ubishi. Basi tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba mdoli amepunguzwa, kitambaa hakikupunguzwa. Barbie, aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1959, ana urefu wa sentimita 29 hivi, yaani takriban moja ya sita ya mwanamke mrefu. Mkono wake umegawanywa kwa sita, kiatu chake kimegawanywa kwa sita, lakini uzi wa kitenge umebaki uleule. Kitambaa chenye unene wa milimita 0.3 kwake ni sawa na wewe kuvaa kitu cha karibu milimita 2. Jaribu kukunja marinda ya kitu cha unene huo uone.

Ila unene ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni ugumu, na unaweza kuupima mezani pako. Kata kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita 2.5 na urefu wa sentimita 20. Kilaze mezani, weka rula juu yake, kisha kisukume polepole kivuke ukingo wa meza. Mwanzoni kinanyooka hewani, halafu kinaanza kuinama. Mtafiti F. T. Peirce alieleza kipimo cha namna hii mwaka 1930: unasukuma mpaka ncha iiname nyuzi 41.5 kutoka usawa wa meza, unapima urefu uliotokeza, unaugawa kwa mbili. Jibu linakuonyesha nani anashinda, ugumu wa kitambaa au uzito wake chenyewe. Shifoni huinama mapema. Kitenge kipya, chenye wanga wake wa kiwandani, husonga mbele kabla ya kukubali.

Sasa fikiria sketi. Yako ina urefu wa sentimita 90, uzito mwingi unaovuta chini, ugumu hauna la kusema. Ya mdoli ina sentimita 15. Kipande kifupi hivyo hakina uzito wa kujivuta, kwa hiyo ugumu ndio unaotawala. Na hata ukipata kitambaa chembamba mara sita, bado hujafika. Tukikichukulia kitambaa kama bamba moja, ukipunguza unene mara sita, urefu ule wa Peirce hupungua mara 3.3 tu. Ili upungue mara sita, unene unatakiwa upungue karibu mara 15. Kitambaa cha namna hiyo hakuna duka la Kampala litakalokukatia, wala la Paris.

Paris naitaja kwa sababu. Mwaka 1945, vita vikiwa bado vinaendelea na kitambaa ni cha kutafuta kwa tochi, wabunifu wa huko walionyesha mitindo yao kwa vinyago vya waya vyenye urefu wa sentimita 70 hivi. Hao walikuwa mafundi wa kiwango cha juu duniani, na bado walichagua kinyago kilicho karibu thuluthi ya mtu, si moja ya sita. Kwa ukubwa ule gauni bado linaweza kusema ukweli.

Kiunoni mambo huwa mabaya zaidi. Pale gauni linapokutana na sketi kuna kitambaa cha nje, bitana, marinda yaliyokusanywa na mapindo ya mshono, vyote vimepandana. Matabaka manne ya milimita 0.3 yanaongeza zaidi ya milimita 1 kila upande, na kwa kipimo cha mtu hiyo ni kama milimita 7. Mwaka 2014 Kim Culmone, aliyekuwa akisimamia ubunifu wa Barbie, alieleza kwamba mwili ule haukukusudiwa kufanana na wa binadamu. Ulitengenezwa ili nguo zivalike na kuvulika kwa urahisi. Unaweza kuubishia mwili ule kwa mengine, na wengi wameubishia, lakini fundi aliyeshika sindano anaelewa kiuno kile kinatafuta nini.

Kwa hiyo usianzie Kiyembe, ingawa vitambaa vya Kampala viko huko. Kwanza, ukiomba robo mita utatazamwa kama umepotea njia. Pili, unachokitaka ni kitambaa kilichochoka. Nenda Owino, kwenye marundo ya mitumba, utafute mashati ya pamba yaliyofuliwa mpaka yakalainika, skafu za hariri, blauzi za shifoni, leso za mfukoni. Lesi ya nguo ya ndani ina maua madogo kuliko lesi ya pazia, na kwa malkia wa sentimita 29 ua dogo ndilo kubwa. Ukipenda kitenge kwa rangi zake, kifue kwanza kwa maji ya moto wanga utoke, kisha uchague sehemu yenye nakshi ndogo. Ndege mmoja wa kitenge anaweza kumfunika mdoli mzima.

Kukata kwa mshazari kunasaidia, maana nyuzi zikiwa zimelala upande kitambaa huinama kwa urahisi. Uzito nao unaweza kuuongeza wewe: shanga ndogo kwenye upindo wa joho zinalivuta chini, na kwa vazi la majini shanga si kosa. Kama sketi bado ina kiburi, ilowanishe, ipange marinda kwa vidole, izungushie uzi miguuni, iache ikauke usiku kucha. Maji hulegeza vifungo vidogo vilivyo ndani ya nyuzi za pamba, na zikikauka vinajifunga upya katika umbo ulilolipanga. Mguu wa mdoli ufunge nailoni kwanza, sababu nitakuambia.

Deraya ndiyo sehemu ambapo ugumu unageuka kuwa rafiki, na hapa Uganda tuna kitu ambacho wengi hawana: lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti. Hutolewa kwenye gome la ndani la mti wa mutuba, kwa kawaida msimu wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao mpaka gome litanuke na kulainika. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005. Kwa kuwa lubugo halikufumwa, ukilikata halina nyuzi za kufumuka ukingoni, kwa hiyo huhitaji upindo. Magamba ya deraya unayakata kwa mkasi, unayapaka gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, unayapanga moja juu ya jingine. Rangi yake ya udongo haihitaji kuongezewa kitu. Lakini lubugo huvaliwa kwenye kutawazwa kwa wafalme na hutumika kwenye mazishi, kwa hiyo mimi ningechukua mabaki kwa watengenezaji wa mikoba na kofia badala ya kukata shuka zima kwa ajili ya mdoli.

Na ile nailoni mguuni? Midoli mingi ina sehemu za plastiki laini, na rangi ya kitambaa, hasa nyekundu na nyeusi, huhamia ndani ya plastiki hiyo. Doa likishaingia halioshwi kwa sabuni, kwa sababu haliko juu tena. Fua kitambaa mpaka maji yatoke meupe, tia bitana nyeupe, na mdoli wa kukaa kabatini miaka mingi avuliwe mara kwa mara uangalie ngozi yake chini ya joho.