Kwa nini ng'ombe wa asili huzuia maziwa ndama asipokuwepo?

Kwenye maboma ya Bahi, Chamwino au Kongwa, mkoani Dodoma, ukamuaji wa alfajiri huanza na ndama. Anafunguliwa, anamkimbilia mama yake, ananyonya kidogo, kisha anavutwa na kufungwa karibu na miguu ya mbele ili mama aendelee kumlamba. Hapo ndipo mkamuaji anachuchumaa na chombo chake. Akiiruka hatua hiyo huenda akaambulia kikombe kimoja, na kiwele bado kimejaa. Watu husema ng'ombe "amezuia maziwa", kana kwamba ameamua. Je, wajua kwamba hana uwezo wa kuamua?

Maziwa hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo mno, maelfu kwa maelfu, na humo hubaki kama maji ndani ya sponji. Yanayoteremka yenyewe hadi kwenye uwazi ulio juu ya chuchu ni machache: kwa ng'ombe wa maziwa ni takriban asilimia 20, na kwa ng'ombe wa asili kwa kawaida ni pungufu ya hapo. (Mbuzi ana uwazi mkubwa, unaobeba nusu ya maziwa au zaidi, ndiyo maana hasumbui sana.) Yaliyobaki hayavutiki kwa mkono, hata ukamue kwa nguvu kiasi gani. Ni lazima vifuko vyenyewe vibanwe kutoka nje.

Kazi hiyo hufanywa na seli zenye tabia ya misuli zilizokizunguka kila kifuko. Amri ya kubana hutoka mbali: ubongoni. Chuchu ikiguswa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa, na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga kwenye damu peptidi iitwayo oksitosini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino (vijenzi vya protini) 9 tu, ya kwanza na ya sita zikiwa zimeshikana na kufanya pete. Mwanakemia Vincent du Vigneaud aliiunda maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Oksitosini inazunguka mwili mzima, lakini pua wala kwato hazina habari nayo. Inasikika tu kwa seli yenye kipokezi chake, yaani protini iliyopita kwenye utando wa seli mara saba. Peptidi ikinasa upande wa nje, kipokezi hujikunja, na upande wa ndani kalsiamu huachiliwa kutoka kwenye akiba ya seli. Kalsiamu ikipanda, seli inajibana na maziwa yanasukumwa chini.

Usahihi wa mfumo huu unashangaza. Peptidi nyingine ya tezi hiyohiyo, vasopresini, inatofautiana na oksitosini kwa asidi amino mbili tu, ya tatu na ya nane, lakini kazi yake kubwa ni kuziambia figo zirudishe maji mwilini. Kiangazi cha Dodoma, mnyama anayekunywa mara moja kwa siku anaitegemea sana.

Sasa, ukamuaji unaharibika wapi? Kuna mahali pawili, na si vizuri kupachanganya. Kwanza, ujumbe hautumwi kabisa. Kwa ng'ombe wa asili, harufu, sura na ulimi wa ndama ni sehemu ya kichocheo. Bila hivyo ubongo unanyamaza. Ndama akifa, wafugaji wengi Afrika humwekea mama ngozi ya ndama huyo, na mbinu hiyo ina mantiki kamili. Pili, ujumbe unatumwa lakini unazuiwa njiani. Ng'ombe akipigwa au akitishwa na mbwa, adrenalini, homoni ya hofu, hubana mishipa ya damu ya kiwele na kuzizuia zile seli zisijibane. Watafiti Ely na Petersen walilionyesha hilo Marekani mwaka 1941. Walikata mishipa ya fahamu ya nusu ya kiwele, na bado nusu zote mbili zilishusha maziwa, ishara kwamba amri inakuja kwa damu.

Muda nao ni mfupi. Maziwa hushuka dakika moja hadi mbili baada ya chuchu kuguswa, na oksitosini huisha kwenye damu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kausha, anza kukamua ndani ya dakika moja hivi, na umalize kwa dakika tano hadi saba bila kusimama kupiga soga. Maziwa yakibaki kila siku, vifuko hupunguza kutengeneza mengine, na kiwele huwa rahisi kuugua.

Sindano ya oksitosini ipo, na kwa tatizo la kwanza hufanya kazi haraka. Ila ng'ombe akichomwa kila siku huizoea, akafika mahali hashushi bila sindano. Tumbo la uzazi nalo lina vipokezi vyake, na huongezeka sana mimba inapokomaa. Ndiyo sababu dawa hiyohiyo, yuniti 10, hutolewa kwa mwanamke mara tu baada ya kujifungua ili asivuje damu, na ndiyo sababu ng'ombe mwenye mimba asichomwe ovyo. Haitolewi kwa kunywa, maana tumbo huimeng'enya kama nyama yoyote. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Chupa iliyoshinda kwenye begi la pikipiki juani inaweza kuwa imepoteza nguvu, ingawa kwa macho bado ni maji meupe yaleyale.