Ukanda wa ngozi wa kinyozi ni nini, na jinsi ya kujitengenezea nyumbani

Ukanda wa kinyozi ni kipande cha ngozi ambacho wembe wa kukunja hupitishwa juu yake kabla ya kunyoa. Wengi hudhani kazi yake ni kunoa. Kunoa ni kazi ya jiwe, maana jiwe hula chuma mpaka makali yapatikane. Ngozi tupu karibu haili chuma kabisa. Makali ya wembe ni membamba mno, na kila ukinyoa hupindapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ngozi huyanyoosha yakasimama tena, na hufuta kutu changa. Kwetu Lamu hilo la kutu ni kubwa, kwa sababu hewa ya chumvi haiachi chuma salama. Kausha wembe vizuri kwanza, usiupitishe ukiwa na maji.

Ngozi nzuri ni ya ng'ombe, iliyodabighiwa (yaani iliyotiwa dawa isioze) kwa magome ya miti, isiyo na kovu wala mkunjo. (Magome ya mikoko yametumika kudabighia ngozi tangu zamani.) Muulize fundi wa makubadhi kama ana kipande kilichobaki: upana wa sentimita 7 na urefu wa 30 hivi unatosha.

Vinyozi wengi huuning'iniza ukanda na kuuvuta kwa mkono mmoja. Kwa anayeanza, mimi nashauri ubandikwe juu ya ubao uliorandwa sawasawa. Ukanda unaoning'inia ukilegea kidogo tu, ngozi hubonyea, ikapanda juu ya makali na kuyafanya butu. Paka gundi ya mbao, laza ngozi upande uliokuwa na manyoya ukiwa juu, weka kitu kizito na uache mpaka kesho yake. Kisha isugue kwa msasa laini sana, ifute vumbi, uisugue kwa kiganja kikavu mpaka iteleze. Mafuta usimiminie, ngozi iliyolowa mafuta huwa laini kupita kiasi.

Kupitisha kwenyewe ndiko kwenye kazi. Laza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse ngozi. Usukume mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, ubiringize juu ya mgongo wake bila kuuinua, urudi. Ukiugeuza kwa upande wa makali utachana ngozi, na makali nayo yataharibika. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Nenda na kurudi mara 30 hadi 50, polepole; haraka haina faida hapa.

Msimu wa mvua usiufungie ukanda sandukuni, utaota kuvu. Utundike mahali penye upepo, mbali na jua kali.

Siku wembe utakapoanza kuvuta nywele badala ya kuzikata, na ngozi isisaidie tena, basi umefika wakati wa jiwe laini, la namba 8000 au zaidi (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi).