Mkaguzi wa kreni za mnara anapaswa kujua nini

Wanaojiandaa kwa mtihani wa ukaguzi wa kreni za mnara huniuliza ni orodha ipi waikariri. Mimi huwashauri waanze na hesabu ya nguvu, kwa sababu asiyejua mzigo unapita wapi katika chuma hawezi kukisia ufa utaanzia wapi. Tani 2 zikining'inia mita 50 kutoka kwenye mlingoti, yaani nguzo ya kreni, huupinda sawasawa na tani 10 zilizo mita 10. Ndiyo maana kifaa cha kuzuia kreni isizidiwe hupima uzito pamoja na umbali, na mkaguzi hukijaribu kwa mizigo ya uzito unaojulikana.

Jambo linalowachanganya wengi ni kreni isiyobeba kitu. Ndoano ikiwa tupu, uzito wa kusawazisha, ulio upande wa pili wa mkono wa kreni, huuvuta mlingoti nyuma. Mzigo mkubwa ukiinuliwa, mlingoti huelemea mbele. Hivyo upande uliokuwa ukivutwa huanza kubanwa, na mabadiliko hayo yakirudiwa maelfu ya mara huchosha bolti na viungo vilivyochomelewa. Bolti iliyokazwa kwa kiwango cha mtengenezaji huyapata kwa sehemu ndogo tu, ilhali iliyolegea huyabeba karibu yote, hata kama kwa macho zinafanana.

Kuhusu kamba za waya, kiwango cha kimataifa cha ISO 4309 kinaeleza lini kamba itupwe: huhesabiwa nyuzi zilizokatika katika urefu mahususi, kisha hutazamwa kutu, kupungua kwa kipenyo na kuharibika kwa umbo.

Kumbukumbu za matengenezo nazipa uzito kuliko wakaguzi wengi wanavyozipa. Mwezi Mei 2008 kreni iliporomoka New York na kuua wafanyakazi wawili, baada ya beringi kubwa ya kuzungushia sehemu ya juu ya kreni, iliyokuwa imekarabatiwa kwa kuchomelewa kukatika. Mkaguzi aulize nani alichomelea, kwa utaratibu gani, na ni vipimo gani vilivyofuata. Rangi mpya haijibu lolote kati ya hayo.

Upepo nao una hesabu yake. Kazi ikisimama, breki ya kuzungusha huachiwa ili mkono ufuate upepo. Bango la tangazo likifungwa kwenye mkono huongeza eneo linalopigwa na upepo na laweza kuuzuia usigeuke inavyotakiwa, kwa hiyo mkaguzi adai idhini ya maandishi ya mtengenezaji kabla ya kutia saini.