Kupandisha stendibai ni rahisi, kazi ni kujua kama marehemu kafa kweli

Wiki hii nimeambiwa tena. "Sisi hatuna presha, tuna stendibai, seva kuu ikifa tunapandisha ile nyingine maisha yanaendelea." Mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila anayeniambia hivyo ana amani ya mtu mwenye tairi la spea kwenye buti ambaye hajawahi kushika jeki. Stendibai ni seva ya akiba inayonakili data ya seva kuu ya databesi, na kuipandisha ni kuifanya yenyewe iwe kuu.

Ngoja nimalize kwanza kile kinachowafurahisha watu. Kwenye databesi ya PostgreSQL unaandika pg_ctl promote, au kama uko toleo la 12 kwenda juu unaita pg_promote() humohumo ndani ya SQL, stendibai inamalizia WAL (kumbukumbu za mabadiliko ya data) ilizokwisha kupokea, inafungua taimlaini mpya (historia yake yenyewe ya maandishi), inaanza kuandikwa. Hata kuiwasha upya huhitaji. Ukiuliza pg_is_in_recovery() inajibu f (yaani hapana, si stendibai tena), basi, imeisha hiyo. Kama una stendibai zaidi ya moja, kabla hujagusa kitu soma pg_last_wal_receive_lsn() ya kila moja (inaonyesha imepokea WAL mpaka wapi) uchukue iliyofika mbali zaidi, sio ile uliyoizoea jina.

Sasa neno linalonitoa mapovu ni hilo "ikifa". Nani kakwambia imekufa?

We unachojua ni kwamba haijakujibu wewe, basi. Labda imekufa kweli. Labda imeelemewa mpaka haipokei konekisheni mpya lakini zile za zamani bado zinaandika kama kawaida. Labda ni swichi iliyo kati yako na yenyewe ndo imeenda, na huko iliko kuna programu zinaifikia vizuri kabisa, inapiga kazi, haina habari kwamba huku nje mshaichimbia kaburi. Ukipandisha stendibai hapo hujaokoa kitu, umetengeneza wakubwa wawili, na wazee walishasema fahali wawili hawakai zizi moja.

Niliwahi kuitwa kwa watu yamewakuta hayo. Kijana wa zamu aliona seva kuu kimya, akapandisha, akaandika kwenye grupu "tayari", akapewa pongezi zake. Kumbe bado kuna programu moja ya oda iko upande wa pili wa netiweki, inaandika kwenye ile ya zamani. Nilipofungua jedwali la oda kwenye seva zote mbili nikakuta namba ileile ya oda, huku mteja huyu na huku mteja mwingine, na wote wawili wameshatumiwa risiti. Tuliikokota hiyo kwa mkono, mstari kwa mstari, hakuna komandi ya kuunganisha vitu kama hivyo, na anayesema ipo aniletee.

Na sio ugonjwa wa timu ndogo. GitHub tarehe 21 Oktoba 2018 walikatikiwa mtandao sekunde 43 tu upande wa mashariki ya Marekani, mfumo wao wa kujiendesha ukapandisha databesi za MySQL za upande wa magharibi, wakati mashariki kuna maandishi yaliyokuwa hayajavuka. Klasta moja (kundi la seva za databesi) yenye shughuli nyingi ilikuwa na maandishi 954 ya namna hiyo. Sekunde 43 zikawagharimu saa 24 na dakika 11 za huduma mbovu. Hao wana wataalamu wa kumwaga, sasa we na skripti yako ya bash inayopiga ping mara tatu unajiamini nini?

Kwa hiyo kabla ya kupandisha, iue kwanza seva kuu ya zamani. Zima umeme wake, au mwambie anayemiliki mashine pepe aizime, au funga poti yake kwenye swichi. Kuingia kwa SSH (kwa mbali) uisimamishe kistaarabu ni sawa ikiwezekana, ila mara nyingi siku hiyo SSH nayo haiingii, si ndo maana unadhani imekufa. Kama huwezi kuizima wala kuifungia njia, mi ningekaa na huduma iliyolala kuliko kupandisha. Najua bosi wako hatapenda hilo jibu.

Halafu kuna hii ya "data haipotei". Usipogusa mipangilio, replikesheni (huko kunakili kwenda stendibai) haingojani, seva kuu inamwambia mteja "nimeshaandika" kabla stendibai haijapata chochote. Kilichokuwa njiani kimebaki kwa marehemu. Unaweza kulazimisha ingoje kwa mpangilio wa synchronous_standby_names, sawa, lakini ukiweka stendibai moja tu humo na ikadondoka, komiti zote (kuthibitisha maandishi) kwenye seva kuu zinaganda, utaanza kuichukia ndani ya siku moja. Na hata bila kupoteza kitu, namba za sekwensi (zile databesi inazotoa kwa mfuatano) zinaweza kuruka mpaka 32 baada ya kupandisha, mhasibu atakupigia kuuliza ankara zilizokosekana ziko wapi. Hazijaibiwa, mwambie hazikuwahi kuwepo.

Nikiri kitu. Kungoja muda gani kabla ya kuamua, miaka yote hii bado nabahatisha. Patroni, programu inayopandisha stendibai yenyewe, ukiiacha ilivyo inatumia sekunde 30, na kuna siku naona ni chache mno na siku nyingine naona ni milele. Nimeshapandisha mapema nikajuta, nimeshangoja nikajuta vilevile. Patroni angalau ina akili moja, seva kuu ikishindwa kuhuisha ufunguo wake wa uongozi inajishusha yenyewe, haingoji kushushwa.

Alafu msisahau programu zenyewe. Linux bila kuguswa inangoja sekunde 7200 ndo ianze kuchunguza konekisheni ya TCP iliyokaa kimya, yaani saa mbili puli yako ya konekisheni inashikilia maiti. Kwenye mipangilio ya konekisheni weka target_session_attrs=read-write (itafute seva inayokubali kuandikwa) na orodha ya seva zote, punguza hizo keepalive (muda wa kuchunguza kimya).

Yule wa wiki hii alinipigia jana usiku. Wamepandisha, imekubali, anafuraha, anaomba komandi ya kuirudisha ile ya zamani iwe stendibai. Nikamuuliza mpangilio wa wal_log_hints ulikuwa umewashwa, au checksums (alama za kukagua data)? Hajui. Nikamwambia pg_rewind, komandi ya kurudisha ile ya zamani, bila kimojawapo haikubali, na hata ikikubali haiunganishi chochote, inatupa kila kilichoandikwa kule baada ya njia kuachana. Nikamuuliza kama amenakili kwanza folda ya data ya ile ya zamani, pembeni, kabla ya kuigusa.

Kimya. Alafu akasema, "Subiri kwanza, naona junia wetu ameshaiwasha ile ya zamani."