Maneno ya nani? Dhana potofu kuhusu fasihi katika nyimbo za roki ya indi

Wasikilizaji wengi wa "I Wanna Be Yours", wimbo unaofunga albamu ya AM ya bendi ya Arctic Monkeys ya mwaka 2013, huamini kwamba maneno yake yote yalitungwa na mwimbaji Alex Turner. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ni shairi la John Cooper Clarke, mshairi wa Salford, kaskazini mwa Uingereza, aliyelirekodi mwaka 1982, kabla Turner hajazaliwa. Ndiyo maana mpenzi anayezungumza katika wimbo huo hajifananishi na mwezi wala waridi, bali na mashine ya kufyonza vumbi na gari la Ford Cortina lisiloshika kutu. Clarke ametambuliwa rasmi kuwa mtunzi mwenza.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kurejelea vitabu katika roki ya indi, yaani roki iliyochipuka nje ya kampuni kubwa za muziki, ni maringo ya wasomi. Ni kweli kwamba bendi ya Vampire Weekend ilianzia Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, lakini chimbuko la urejelezi mwingi wa bendi za Uingereza ni waandishi waliotoka katika tabaka la wafanyakazi. Shelagh Delaney, naye mzaliwa wa Salford, alikuwa na umri wa miaka 19 tamthilia yake, A Taste of Honey, ilipoigizwa London mwaka 1958. Bendi ya The Smiths ilijenga wimbo "This Night Has Opened My Eyes" juu ya kisa hicho cha msichana mjamzito, kisha ikaweka picha ya Delaney kwenye jalada la albamu yake ya Louder Than Bombs mwaka 1987. Jina refu la albamu ya kwanza ya Arctic Monkeys nalo linatokana na riwaya ya Saturday Night and Sunday Morning ya Alan Sillitoe, aliyewahi kuwa kibarua katika kiwanda cha baiskeli cha Nottingham.

Wengine husema kwamba kuazima huku ni wizi mtupu. Wausikilize "Cemetry Gates", wimbo wa The Smiths wa mwaka 1986, ambamo msimulizi anamkemea mwenzake kwa kujipachikia maneno ya wengine, ilhali maombolezo yake mwenyewe makaburini yametoholewa kutoka filamu ya mwaka 1942, The Man Who Came to Dinner. Asiyeitambua filamu hiyo husikia karipio tu. Anayeitambua humsikia mkemeaji akijishtaki.