"Dokta, Nipe ya Sindano": Dhana Potofu Kuhusu Dawa za Kupunguza Uzito

Wiki hii nimelisikia mara nne, na mara ya mwisho ni kwa mama aliyekuja na cheti mkononi: "Dokta, nibadilishie, nipe ya sindano. Hivi vidonge vinapita tu." Mimi ni mfamasia, cheti cha daktari sikibadilishi. Lakini maneno hayo yamenichosha.

"Sindano ndiyo dawa kali, kidonge ni cha kuanzia tu"

Najua ilikotoka. Tumekulia kwenye zahanati ambako mtoto mwenye homa akirudi bila kuchomwa, bibi anauliza kama kweli alitibiwa. Sasa imani hiyo imehamia kwenye unene.

Chukua dawa iitwayo semaglutaidi: ichomwe au imezwe, semaglutaidi ni semaglutaidi. Ndiyo iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy za kuchoma mara moja kwa wiki, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Rybelsus, kidonge cha kila siku. (Ozempic na Rybelsus zilisajiliwa kwa kisukari aina ya 2, Wegovy ndiyo ya unene.) Inaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kuwa umeshiba, na inachelewesha chakula tumboni. Shida ni kwamba imeundwa kama protini, na tumbo huimeng'enya kama nyama. Ndiyo maana kwenye kidonge imechanganywa na kiambata cha kuikinga na kuipenyeza kwenye ukuta wa tumbo. Hata hivyo, inayofika kwenye damu haifikii asilimia 1 ya ulichomeza. Kwa hiyo usishangae kuona kidonge cha miligramu 14 kwa siku, wakati Ozempic haizidi miligramu 2 kwa wiki nzima.

Kama sindano ingekuwa kali kwa sababu ni sindano, basi sindano zote zingelingana. Tirzepataidi, dawa nyingine ya kupunguza uzito, na semaglutaidi, zote za kuchoma, zilishindanishwa kwa wiki 72: ya kwanza ilipunguza wastani wa asilimia 20 hivi ya uzito, ya pili karibu 14. Kinachotofautiana ni dawa yenyewe na dozi yake. Kichefuchefu, kuharisha na choo kigumu unaweza kuvipata kwa njia yoyote.

Nikamuuliza yule mama anamezaje vidonge vyake vya semaglutaidi. "Na chai ya maziwa, nikishakula chapati."

Basi! Miezi miwili anatupa hela. Kidonge hiki humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu yasiyozidi mililita 120, yaani kama nusu kikombe. Halafu unasubiri nusu saa kabla ya chakula, chai, au hata dawa nyingine. Ushauri wangu ni ule ule kila siku: kiweke kando ya kitanda pamoja na maji. Ukiamka meza, kaoge, washa jiko. Chai ikiiva muda umeshapita. Wakati wa Ramadhani, wapo wanaokubaliana na daktari wao kukimeza kwa maji adhana ya magharibi inapolia, wakaswali, kisha nusu saa ikipita wakafuturu. Tende ikitangulia, kidonge cha siku hiyo kimekwenda bure. Asiyeweza utaratibu huu, sindano itamfaa zaidi, maana sindano haijali umekunywa chai saa ngapi.

"Vidonge havina madhara"

Muulize aliyemeza orlistati, kidonge kinachozuia mafuta ya chakula kufyonzwa, kisha akala chipsi mayai: mafuta yasiyofyonzwa hutoka yenyewe, wakati mwingine bila hodi. Inapunguza pia ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K. Sibutramini, kidonge kingine, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na bado hukutwa imefichwa kwenye dawa za kukonda zinazouzwa kama "mitishamba".

"Hizo sindano ni insulini tu"

Siyo. Insulini mara nyingi huongeza uzito.

"Peni moja na dada yangu, tunabadilisha sindano tu"

Hapana, hapana, hapana. Peni ni ile kalamu yenye dawa ndani, ya kujichomea. Damu inaweza kurudi ndani ya peni, na homa ya ini au VVU havijui undugu. Na msinunue mitandaoni: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Peni isiyoanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyokufikia ikiwa imezunguka mjini juani kwenye begi la bodaboda, mimi nisingejichoma.

"Nikishakonda naacha"

Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano ya semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Na kidonge ukikiacha, njaa inarudi vilevile. Zungumza na daktari kuhusu gharama ya miaka kabla ya kununua boksi la kwanza.

Jambo moja huwa hawaniulizi, nalo ni vidonge vya uzazi wa mpango. Sindano ya tirzepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge hivyo, kwa hiyo tumia kondomu kwa wiki 4 baada ya kuanza, na wiki 4 nyingine kila dozi inapopandishwa. Anayepanga kubeba mimba aache semaglutaidi angalau miezi 2 kabla, iwe ya kuchoma au ya kumeza.